Washikaji watano, gari moja na Mlima wa Mungu

Tulitoka Igoma kwenda kula raha na kupiga picha. Mimi na mume wangu tukarudi tukiwa tumezungumza jambo tulilolikwepa kwa muda mrefu.

Kusema ukweli, wazo la safari halikuwa langu. Lilitoka kwa mshikaji wa mume wangu, waliosoma pamoja sekondari, Jumapili moja tukiwa nyumbani kwetu Igoma tunakula sato. "Nyie mmezeeka kabla ya wakati," akatutania. "Kazini, nyumbani, kazini, nyumbani. Twendeni tukauone mlima unaotapika moto!"

Tukacheka, lakini wiki hiyohiyo akaanza kukusanya michango. Tulikuwa watano: yeye aliyejitolea kuendesha, shoga yangu wa ofisini na mumewe ambaye ni mwalimu wa jiografia, mimi na mwenzangu. Tukakodi Land Cruiser, tukagawana mafuta, ada za hifadhi na malazi, tukaomba likizo ya siku sita mwezi wa tisa.

Kuna jambo washikaji hawakulijua. Tulikuwa mwaka wa nne wa ndoa na hatujapata mtoto. Mimi nilishapimwa, nikaambiwa sina tatizo, na daktari akaomba aje na mwenzangu. Kila nikimkumbusha jibu lilikuwa moja: "Tutaenda, mke wangu, kazi zimenibana." Mama mkwe naye kila tulipomtembelea Magu alikuwa anaangalia tumbo langu kwanza ndipo aitikie shikamoo yangu. Mwisho tukaacha kulizungumza. Tukawa tunaongelea luku, kodi ya nyumba na Simba na Yanga. Ungetuona ungedhani tuna amani tele.

Tunaacha mawe baridi

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa barabarani. Tukapita Kisesa bado watu wamelala, tukapita Magu, tukanywa chai Lamadi, na muda si mrefu tukawa lango la Ndabaka, upande wa magharibi wa Serengeti.

Sisi wa Mwanza tumezoea mawe. Lakini mawe yetu ni graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, mawe yaliyopoa na kutulia zamani. Mwalimu akatuambia kuwa Ziwa Viktoria limekaa katikati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa, la mashariki na la magharibi. Ukitoka Igoma kwenda mashariki unafuata mahali ambapo ardhi inachanika, na kwenye mpasuko huo ndiko volkano zilikoota.

Dalili ya kwanza tuliiona baada ya Seronera. Miti ikapungua, ikapungua, halafu ikaisha kabisa. "Hapa mmekanyaga majivu ya volkano," mwalimu akasema. Majivu yaliyorushwa kutoka milima ya Ngorongoro yamefunika uwanda huu, na chini yake kuna tabaka gumu kama saruji ambalo mizizi ya miti haipenyi. Majani mafupi yanayoota juu yake yana madini mengi, na ndiyo maana nyumbu huyafuata na kuzaa hapa kati ya Januari na Machi.

"Kumbe wote wanakuja kuzalia kwenye majivu!" shoga yangu akashangaa. Mimi nikageuka nikaangalia dirishani.

Jioni tukasimama ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Ulikuwa mlima mrefu wa volkano, ukaporomoka ndani kwa ndani miaka kama milioni 2.5 iliyopita, ukaacha bakuli lenye kina cha mita 600 na eneo la kilomita za mraba 260. Tukapiga picha mpaka baridi ikatufukuza. Tukalala Karatu, na kesho yake hatukufanya lolote zaidi ya kula, kulala na kucheza karata.

"Wewe kila siku kupima!"

Wahenga hawakukosea waliposema ukitaka kumjua mtu safiri naye. Siku ya tatu tulishuka Mto wa Mbu tukaingia barabara ya vumbi ya Engaruka. Jamani, vumbi lile! Mbele ya Engaruka tairi likapasuka, na kutoa spea, nayo haina upepo.

"Kwani hukupima upepo wa spea kabla hatujaondoka?" nikamuuliza mume wangu, kwa sababu yeye ndiye aliyepokea gari.

"Wewe kila siku kupima, kupima! Huna neno lingine?"

Alipiga kelele. Tukatazamana sote. Shoga yangu akajifanya anatafuta maji kwenye begi, mwalimu na dereva wakaenda kuangalia mawe ambayo hayakuwa na cha kuangaliwa. Tulikaa pale juani saa nzima hadi lori moja likapita, wenyewe wakatujazia upepo. Mimi na yeye hatukusemeshana mpaka Engaresero.

Ziwa Natron lipo hapo chini ya mlima. Maji yake ni ya magadi, magadi haya haya tunayotia kwenye maharage ili yaive upesi, makali kiasi kwamba pH yake inaweza kupita 10. Pembeni kuna chemchemi za maji moto. Lakini ndiko flamingo wadogo wa Afrika Mashariki wanakokuja kutaga, kwa kuwa adui wachache wanathubutu kuwafuata kwenye matope yale. Karibu na hapo kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400, zilizobaki kwenye majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe tangu maelfu ya miaka iliyopita.

Jioni kijana wa Kimaasai atakayetuongoza akaja kutupa maelekezo. Ol Doinyo Lengai, akasema, maana yake ni Mlima wa Mungu. Wazee huja kuomba mvua. "Na kina mama wasiopata watoto wanakuja kuomba," akaongeza, kisha akanigeukia kwa heshima: "Yeyo, viatu vyako viko sawa?" Yeyo ni mama. Nikaitikia kwamba viko sawa.

Juu ya mlima

Tulianza kupanda saa sita usiku, kwa sababu mchana jua linaunguza na hakuna kivuli. Kilele kipo karibu mita 2,960. Ni majivu na mteremko mkali, unapiga hatua mbili unarudi moja. Shoga yangu alibaki kambini. Saa tisa mwalimu na dereva nao wakasalimu amri. Tukabaki mimi, mume wangu na kiongozi wetu aliyetangulia kidogo na tochi yake.

Kwenye mapumziko mume wangu akasema bila kuniangalia, "Nilishapima."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu. Nilienda mbali ili nisionane na mtu anayetujua. Mbegu zangu ni chache. Daktari amesema kuna matibabu, ila lazima twende wote wawili."

Sitakudanganya, mpenzi msomaji, sikumkumbatia. Nilikasirika hadi mikono ikatetemeka. Nusu mwaka amekaa na karatasi ile huku mimi nikibeba macho ya mama yake! Nikamwambia yote. Naye akanisikiliza, akalia. Sikuwahi kumwona akilia.

Tulifika kileleni jua linachomoza. Ndani ya shimo kulikuwa na vilima vidogo kama vichuguu, na harufu kali ya kiberiti. Hii ndiyo volkano pekee hai duniani inayojulikana kutoa lava ya aina hii, yenye nyuzijoto kama 500 hadi 600 tu, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida. Hutoka nyeusi na nyepesi kama oili ya gari, kisha ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe. Wengi huona kilele kwa mbali wakidhani ni theluji.

Kiongozi akatusimulia kuwa tangu 1983 mlima ulikuwa ukimwaga lava taratibu. Julai 2007 matetemeko yakaanza, na Septemba mwaka huo ukalipuka, majivu yakafunika malisho, watu na mifugo wakahama. Milipuko iliendelea hadi 2008. Siku hizi lava hutoka tena kidogo kidogo ndani ya shimo.

"Ikitoka kidogo kidogo hatuna wasiwasi," akasema.

Kituo cha Magu

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kuwa karibu mtu 1 kati ya 6 hupitia tatizo la kukosa uzazi katika maisha yake. Tatizo huweza kuwa kwa mke, kwa mume, au kwa wote. Lakini kwetu anayeangaliwa tumbo ni mwanamke peke yake.

Wakati wa kurudi, tulipokaribia Magu mume wangu akamwambia dereva asimame. Tukaingia kwa mama yake na vumbi letu. Nikampa shikamoo, akaangalia tumbo langu kama kawaida. Mume wangu akasema, "Mama, tatizo liko kwangu. Nimepimwa. Usimwangalie tena mke wangu hivyo."

Mama hakujibu. Akanyanyuka akaenda jikoni, tukasikia sufuria. Baadaye akaniita nikakae naye kwenye mkeka, akanisogezea maji ya kunawa yeye mwenyewe. "Kula, mwanangu," akasema. "Umechoka."

Wiki iliyofuata tulienda kwa daktari wawili. Matibabu bado yanaendelea na hatujui yatatufikisha wapi.

Ukitaka kwenda: chagua miezi ya kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Panda na kiongozi wa kijijini, beba maji ya kutosha, koti na viatu vya kubana mguu. Pima upepo wa spea mwenyewe. Na safiri na washikaji wanaojua wakati wa kwenda kuangalia mawe.