Mabuu ya mbawakawa ni chakula, si dawa ya utapiamlo

Mtoto hakui, nywele zimepoteza rangi, miguu yote miwili imeanza kuvimba. Jirani anakwambia: "Mkaangie mabuu ya mbawakawa, yanatibu." Kwa mzazi wa Bariadi, au kwingineko mkoani Simiyu, ushauri huo una ukweli nusu. Nusu iliyobaki inaweza kumgharimu mtoto uhai.

Ni kweli mabuu yana lishe. Kagera wanakula senene tangu enzi na enzi. Mabuu ya mbawakawa wa unga yakikaushwa, karibu nusu ya uzito wake ni protini, na Umoja wa Ulaya uliyaruhusu kuwa chakula mwaka 2021.

Kuyafuga hakuhitaji shamba. Unahitaji beseni pana, pumba safi zisizo na ukungu, na vipande vya karoti au viazi vya kuyapa maji. Kabla ya kuvuna, yaache siku moja bila chakula ili matumbo yasafike. Yaoshe, yachemshe vizuri, kisha uyakaange au uyakaushe.

Usiokote mabuu kwenye mashamba ya pamba au kandokando yake. Pamba hupuliziwa viuatilifu, na kuchemsha si njia ya kuondoa sumu hiyo.

Jihadhari pia na mzio. Mtu anayedhurika na kamba au utitiri wa vumbi la nyumbani asiyale, kwa kuwa moto hauondoi hatari hiyo. Midomo ikivimba, vipele vikitoka au pumzi ikibana baada ya kula, wahi hospitali.

Wapo wanaoyatumia kama dawa ya asili. Mgonjwa wa kifua kikuu, pumu au kisukari asiache dawa zake kwa sababu ya mabuu. Mweleze daktari kila unachotumia, bila kuona aibu.

Turudi kwa yule mtoto. Miguu yote miwili ikivimba, au utepe wa kupima mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, huo ni utapiamlo mkali. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huko atachunguzwa na kupewa chakula dawa.

Akishapona, na ikiwa hana mzio, mabuu makavu yaliyosagwa yanaweza kuongezwa kwenye uji wake. Yasage laini, asije akapaliwa.