Embe la kila siku nusura limuue mjusi wa mjukuu wangu

Nimefundisha sayansi kimu miaka 31. Nimechora mlo kamili ubaoni mara nyingi hata sina hesabu: chakula cha kutia nguvu, cha kujenga mwili, cha kulinda mwili. Mwanafunzi akisahau kundi moja, namkata alama. Basi mwaka jana, hapa Al Qusais nyumbani kwa binti yangu, nilisahau mimi mwenyewe, na aliyeumia ni kiumbe asiyeweza hata kusema anaumwa.

Kiumbe huyo ni mjusi. Ndiyo, mjusi. Sisi tuliolelewa Mombasa tunajua mjusi kafiri akionekana ukutani anatafutiwa kandambili. Kwa hivyo mjukuu wangu wa miaka 11 alipoletewa zawadi ya mjusi ndani ya tangi la kioo, nilimuuliza binti yangu, "Umeona kafiri wa ukutani hatoshi, ukanunua na mwengine?" Wakacheka mpaka machozi.

Lakini huyu si yule. Ni geko wa kishungi, mwenye safu ya miiba laini inayoanzia juu ya macho kama kope. Asili yake ni Kaledonia Mpya, visiwa vya Bahari ya Pasifiki vilivyo chini ya Ufaransa. Wataalamu walimwandika 1866, baadaye wakadhani ametoweka duniani, hadi alipoonekana tena 1994. Hawezi kufumba macho, huyasafisha kwa kuyalamba. Mkia ukimkatika hauoti tena. Mjukuu wangu alimwita Halua kwa rangi yake, na baada ya wiki mbili nilikuwa namsalimia kabla ya kunywa chai.

Kosa langu

Halua alikuja na pakiti ya unga maalumu wa kukorogwa na maji. Ulipokwisha nikasema, pesa zote hizo za nini na friji imejaa maembe? Si mla matunda huyu? Nikawa namsagia embe kila jioni, siku nyengine ndizi. Mjusi analamba, bibi anafurahi. Mjukuu wangu aliwahi kuniambia, "Bibi, unga umekwisha," nami nikamjibu, "Babu, tunda la Mungu halishindwi na unga wa dukani."

Baada ya miezi mitatu hivi Halua alikuwa hapandi tena kioo. Miguu inatetemeka, taya limelegea, ulimi hautoki sawasawa. Tukamkimbiza kwa daktari wa wanyama. Akampima uzito: gramu 29, na mjusi mzima wa aina hii kwa kawaida hufika 35 na zaidi. Picha ya eksirei ilionyesha mifupa imefifia kama kivuli.

Daktari akaniuliza anakula nini. Nikamwambia. Akanieleza taratibu, nami nikajiona niko dawati la mbele. Mwili wa mjusi unahitaji kalsiamu kiasi cha mara mbili ya fosforasi. Embe lina fosforasi zaidi kuliko kalsiamu. Ndizi ndiyo mbaya zaidi, fosforasi yake ni mara nne hivi ya kalsiamu. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, mwili unaichota kwenye mifupa yake wenyewe. Yaani Halua alikuwa anashiba kila usiku huku anajila mifupa.

Ndani ya gari mjukuu wangu aliniuliza swali moja tu: "Bibi, si wewe ulikuwa mwalimu wa chakula?" Sikuwa na jibu.

Anachokula sasa

Wazazi wenzangu mlio na mnyama huyu nyumbani, haya ndiyo tuliyofundishwa, na ndiyo tunayofuata.

Msingi ni ule unga kamili wa geko. Kwa kawaida ni sehemu 1 ya unga kwa 2 za maji, uwe kama uji mzito, lakini soma pakiti. Badilisha ladha, leo ya tini, kesho yenye wadudu ndani, asichoke. Mdogo anayekua hulishwa kila siku, mzima siku moja baada ya nyengine. Mwekee jioni kwa sababu yeye huamka usiku, na kilichobaki kitupwe kesho yake.

Mara moja au mbili kwa wiki mpe wadudu hai, kama nyenje, wale wanaolia usiku. Mdudu asizidi nafasi iliyo baina ya macho ya mjusi. Siku moja kabla, walishe wadudu wenyewe karoti na mboga za majani, kisha wapakwe poda ya kalsiamu yenye vitamini D3. Wanunue dukani. Msimpe mende wala panzi wa kuokota, maana majengo yetu hapa Dubai hupigwa dawa, na sumu ya mende itaingia kwa mjusi.

Matunda ni kionjo, kijiko kidogo mara moja kwa wiki. Papai na tini vinafaa zaidi kwa sababu kalsiamu yake inaizidi fosforasi. Machungwa na ndimu hapana. Tende, hata kama tunaipenda vipi, sukari yake imezidi. Asali pia hapana.

Maji hunyunyiziwa kwenye kioo na majani jioni, naye hulamba matone. Na joto liangaliwe. Anapenda nyuzi 22 hadi 26, likipita 28 anaacha kula na anaweza kufa. Kwa hivyo mnaosafiri Julai kwenda Mombasa au Unguja, msizime eisi mkamwacha humo, na awepo mtu wa kuja kumlisha.

Halua alipewa dawa ya kalsiamu ya maji wiki kadhaa. Amepona, amefika gramu 36, ila mgongo umebaki na pindo dogo lisiloondoka. Kila nikimuona akipanda kioo naliona.

Mjukuu wangu amebandika ratiba kwenye mlango wa friji: unga, nyenje, kalsiamu, uzito kila mwisho wa mwezi kwenye mizani ya kupimia unga wa maandazi. Mwandiko wake mbaya, lakini hakuna kundi alilosahau. Jumamosi iliyopita nilikuwa namenya papai, nikamuuliza kama naruhusiwa.

Akatazama ratiba kwanza. "Kijiko kimoja, Bibi. Kile kidogo."