Kambi ya Vijana Katika Nchi ya Dubu Weupe

Katika ukingo wa magharibi wa Ghuba ya Hudson, jimbo la Manitoba, nchini Kanada, pana mji mdogo uitwao Churchill. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2021 wakazi wake walikuwa 870 tu. Hakuna barabara iendayo huko. Mgeni hufika kwa ndege, au kwa treni itokayo Winnipeg, safari ya kilometa 1,700 hivi ambayo humchukua siku mbili njiani. Mwezi Mei 2017 mafuriko yaliiharibu reli hiyo, na mji ukakaa bila treni hadi mwishoni mwa mwaka 2018. Licha ya taabu hiyo yote, kila mwaka ifikapo Oktoba na Novemba wageni humiminika Churchill kutoka pande zote za dunia. Wanalolifuata ni jambo moja tu: kumwona dubu mweupe.

Miongoni mwa wageni hao wamekuwamo wanafunzi wa shule za sekondari. Shirika la Polar Bears International, lililoanzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya kuwahifadhi wanyama hao, limepata kuendesha huko kambi za uongozi kwa vijana. Wanafunzi huchaguliwa kwa njia ya bustani za wanyama za miji yao, hukaa Churchill siku chache, kisha hurudi makwao na kazi ya kufanya. Katika makala haya tutamfuata mwanafunzi mmoja wa namna hiyo. Tuseme ni binti wa miaka kumi na sita, mwenyeji wa mji mkubwa, ambaye hajapata kumwona dubu mweupe ila nyuma ya ukuta wa kioo. Hatumpi jina, kwa kuwa ayaonayo ndiyo yawapatayo wote wendao huko.

Kabla hajamwona dubu, binti huyo husomewa kanuni. Asitembee peke yake usiku. Asishuke kwenda ufukoni penye majabali, kwa maana dubu hupenda kulala nyuma ya mawe hayo. Akikutana naye asikimbie. Kisha huambiwa jambo linalomshangaza kila mgeni: watu wengi wa Churchill hawafungi kwa ufunguo milango ya nyumba wala ya motokaa zao, ili mpita njia aliyeingiliwa na dubu apate mahali pa kujisalimisha. Sisi tuliozoea komeo na kufuli mbili mbili hatuna budi kuutafakari ujirani wa namna hiyo.

Kanuni hizo zina historia yake, na historia yenyewe inawahusu askari. Mwaka 1942 jeshi la Marekani lilijenga kambi karibu na mji. Baada ya vita Wakanada na Wamarekani waliitumia pamoja kuwafundisha askari na kuzijaribu nguo, silaha na mitambo katika baridi kali. Kuanzia kati ya miaka ya 1950 palikuwa pia na uwanja wa kurushia roketi za utafiti wa anga, na katika maisha yake uwanja huo ulirusha zaidi ya roketi 3,500. Wakati kambi ilipojaa watu, dubu hawakuthubutu kuisogelea, na waliothubutu aghalabu walipigwa risasi. Askari walipopunguzwa katika miaka ya 1960, dubu walizidi kuonekana, tena walikuta jalala la mji limejaa vyakula. Mwaka 1968 kijana mmoja aliuawa na dubu, na mwaka 1983 mtu mwingine akauawa usiku barabarani, katikati ya mji.

Mji ungeweza kuamua kuwamaliza dubu wote. Risasi zilikuwapo na wapigaji walikuwapo. Badala yake serikali ya jimbo iliunda kikosi cha doria, ambacho tangu mwaka 1980 hujulikana kwa jina la Tahadhari ya Dubu. Wananchi wakimwona dubu hupiga simu, usiku au mchana, na askari wa wanyamapori hutoka. Kwanza humtisha kwa honi na kwa risasi za makelele zisizodhuru. Akikaidi hutegewa bomba kubwa la chuma lenye nyama ya sili ndani yake, au hupigwa sindano ya dawa ya usingizi, kisha hupelekwa mahabusu.

Naam, mahabusu ya dubu ipo. Ni jengo la zamani la jeshi, lenye umbo la nusu pipa, ambalo lilianza kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 na lina vyumba 28. Mfungwa hapewa chakula, bali maji au theluji tu. Huo si ukatili, maana dubu wa huko katika majira hayo hufunga kula kwa desturi yake mwenyewe, na lengo ni kwamba asije akadhani mji ni mahali pa kupewa mlo. Hukaa humo hadi siku 30, au mpaka ghuba igande, kisha hulazwa usingizi, huwekwa katika wavu na kuchukuliwa na helikopta mbali ya mji. Wageni hawaruhusiwi kuingia ndani. Binti wetu hulitazama jengo hilo kwa nje tu, na hapo mkuu wa msafara humweleza kwamba jalala nalo lilifungwa mwaka 2005, taka zikawekwa ndani ya jengo. Kwa maoni ya mwandishi, kulifunga jalala kumesaidia kuliko mitego mingi, ingawa watalii hupiga picha ya mahabusu na hakuna anayepiga picha ya taka.

Akina mama watapenda kusikia habari za jioni ya tarehe 31 Oktoba. Siku hiyo watoto wa nchi hizo huvaa mavazi ya vinyago na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Churchill hawakutaka kuwanyima watoto wao furaha hiyo, lakini ndiyo wiki ambayo dubu ni wengi kuliko wakati wowote. Kwa hiyo kabla ya jua kutua helikopta huchunguza viunga vya mji, na gizani polisi, zimamoto, magari ya wagonjwa na askari wa wanyamapori husimama zamu kuuzunguka mji mpaka mtoto wa mwisho arudi nyumbani. Watoto huonywa wasivae nguo nyeupe.

Hatimaye siku ya dubu hufika. Wanafunzi hupandishwa katika gari refu lenye magurudumu yanayokaribia kimo cha mtu, lililoundwa ili lisidhuru ardhi laini ya tundra, na madirisha yake yako juu sana dubu asiyafikie kwa urahisi. Mara nyingi usiku hulala huko huko, katika mabehewa yaliyounganishwa mfano wa treni isiyo na reli. Nje pana vichaka vifupi, mawe, madimbwi yaliyoganda, na upepo ambao huifanya baridi ionekane kuwa nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri. Binti huvaa nguo tabaka juu ya tabaka, hata akatembea kama mtoto anayejifunza.

Kisha dubu hutokea. Dume mzima aweza kufikia kilo 500 na zaidi, na hutembea taratibu, kichwa kikiwa chini, kama mwenye nyumba anayekagua uwanja wake. Pengine hukaribia gari, akasimama kwa miguu ya nyuma na kuegemeza nyayo zake ubavuni. Hapo gari zima hunyamaza. Watu waliokuwa wakicheka husikia mnyama akivuta pumzi.

Ni katika kimya hicho ndipo mwalimu huuliza: kwa nini dubu huyu yuko hapa, naye ni mnyama wa baharini? Jibu lake ndilo kiini cha kambi nzima. Dubu mweupe huishi kwa mafuta ya sili, na hawezi kumkamata sili katika maji wazi. Hana budi kuwa na barafu ya kusimama juu yake na kumvizia. Maji ya Ghuba ya Hudson huganda yote wakati wa baridi na kuyeyuka yote wakati wa joto, hivyo dubu hulazimika kushuka nchi kavu mwezi wa Julai au karibu nao, na kungoja. Karibu na Churchill maji baridi ya mto hupunguza chumvi ya bahari, nayo huganda mapema. Basi dubu hukusanyika hapo wakiingojea barafu kama abiria wanaongoja kivuko. Kila siku ya kungoja humpunguzia dubu kiasi cha kilo moja ya mwili wake.

Sasa kungoja kumerefuka. Msimu usio na barafu katika ghuba hiyo umezidi ule wa miaka ya 1980 kwa wiki tatu hadi nne. Hayati Ian Stirling, mtaalamu wa Kanada aliyefariki mwaka 2024, aliwachunguza dubu kwa miongo mingi, na yeye na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba barafu ikiyeyuka mapema dubu hushuka wamekonda na watoto wao hupungua. Vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa uzito wa wastani wa majike wasio na watoto ulishuka kutoka kiasi cha kilo 290 mwaka 1980 hadi kilo 230 hivi mwaka 2004. Jike aliyepungua mno hazai. Na mwenye mimba ndiye mwenye taabu kubwa zaidi, maana yeye haendi barafuni pamoja na wenzake mwezi Novemba. Hubaki shimoni, huzaa watoto wadogo ambao kila mmoja hana hata kilo moja, na huwanyonyesha hadi Februari au Machi. Jumla yake ni miezi minane hivi bila kula.

Hesabu ya dubu wa upande huo wa ghuba ilikuwa kiasi cha 1,200 katika miaka ya 1980. Mwaka 2016 walikadiriwa kuwa 842. Mwaka 2021 walikadiriwa kuwa 618.

Hapo mwanafunzi aliyekuja na moyo wa kwenda kumwokoa dubu huingiwa na fadhaa, na ni haki yake. Zamani adui wa dubu alikuwa bunduki, na bunduki ina mwenyewe. Mwaka 1973 nchi tano zenye dubu, yaani Kanada, Denmaki, Norwe, Marekani na Urusi ya Kisovieti, zilitia sahihi mkataba mjini Oslo wa kuudhibiti uwindaji, ijapokuwa baadhi yake zilikuwa mahasimu katika karibu kila jambo jingine. Mkataba ule ulifaa. Lakini joto linaloyeyusha barafu latokana na makaa ya mawe, petroli na gesi zichomwazo maelfu ya kilometa kutoka hapo, na doria ya Churchill, hata iwe hodari namna gani, haiwezi kuukamata moshi. Mtaalamu Steven Amstrup, ambaye tafiti zake za mwaka 2007 zilichangia Marekani kumtangaza dubu mweupe mwaka 2008 kuwa mnyama aliye hatarini, alichapisha pamoja na wenzake mwaka 2010 hoja kwamba hewa hizo zikipunguzwa dubu wengi waweza kusalia. Kwa hiyo kambi haimfundishi kijana kulinda dubu mahali pale. Humwandaa arudi alikotoka moshi.

Pana somo jingine ambalo lastahili kutolewa katika kila kambi ya namna hiyo. Mwaka 1956 serikali ya Kanada iliwahamishia Churchill watu wa kabila la Sayisi Dene, ambao maisha yao yalitegemea kuwinda kulungu wa kaskazini. Sababu mojawapo iliyotajwa ilikuwa kwamba wanawamaliza wanyama hao, jambo ambalo halikuthibitishwa. Walitupwa pembeni ya mji bila kazi wala nyumba za maana, na katika miaka iliyofuata zaidi ya watu mia moja walifariki, wengi kwa umaskini, ulevi na moto. Mwaka 1973 waliosalia walianza kurudi porini, kwenye Ziwa Tadoule. Serikali ya Kanada iliwaomba radhi mwaka 2016. Basi hifadhi ya wanyama nayo yaweza kuwa fimbo ya kuwapigia wanyonge, na kijana anayetaka kuitwa kiongozi afadhali alijue hilo akiwa na miaka kumi na sita kuliko akiwa na cheo.

Usiku, baada ya chakula, wanafunzi hupanga kazi zao. Mmoja atashughulikia wazazi wanaoacha motokaa zikinguruma mbele ya lango la shule, mwingine upandaji wa miti, mwingine bili za umeme na joto la madarasa. Ni mambo madogo, na vijana wenyewe huyaona madogo. Binti wetu hujizoeza kusimama mbele ya wenzake na kueleza habari ya dubu bila kumlaumu msikilizaji, na agunduacho upesi ni kwamba mtu aliyeaibishwa hazimi injini yake.

Wako wanaouliza, nao wana haki ya kuuliza, kama ni busara kuwasafirisha vijana kwa ndege hadi ukingoni mwa Aktiki ili wafundishwe kupunguza mafuta. Mafuta yale yameungua na hayarudi. Mwandishi haoni jibu lingine ila kuhesabu: yaliyochomwa katika safari yaandikwe upande mmoja wa daftari, na yaliyookolewa shuleni na mtaani katika mwaka unaofuata yaandikwe upande wa pili. Mwanafunzi afikapo nyumbani huwa hana kitu kwenye upande huo wa pili.

Huko nyuma Churchill majaribio mengine yanaendelea. Shirika lile lile limekuwa likijaribu rada za aina iliyobuniwa kulinda kambi za kijeshi, ili ziwatambue dubu wanaosogea mji katika giza na theluji, kabla ya jicho la mlinzi kuwaona. Dubu wanaokaa muda mrefu zaidi nchi kavu, tena kwa njaa, huwa karibu zaidi na watu, na zamu za doria zimerefuka pamoja na msimu.