Mstari Mmoja Unaofuta Shamba la Voi

Chukua wosia wa kawaida ulioandaliwa Uingereza, ule wa kurasa nne tano. Juu kabisa, kabla hujafika kwenye majina ya warithi, kuna mstari ambao wengi huupita bila kuusoma: ninafuta wosia zangu zote za awali. Kwa mtu aliyezaliwa Leeds, akafanya kazi Leeds na nyumba yake iko Leeds, mstari huo hauna madhara yoyote. Kwa aliyetoka Voi, Kenya, ni jambo jingine kabisa.

Tumfikirie muuguzi mmoja. Ni wa kubuni, lakini wenzake wamejaa wodi za Uingereza. Mwaka 2004, kabla ya kupanda ndege, alikwenda kwa wakili Mombasa akaandika wosia: shamba lake la ekari tatu huko Voi amwachie mdogo wake aliyebaki kumtunza mama. Miaka 18 baadaye ananunua nyumba Leeds na kushauriwa aandike wosia. Anaandika kwamba nyumba na mali nyingine yote ni ya watoto wake wawili. Shamba halitaji, kwa sababu anajua lina wosia wake. Anasaini, mashahidi wanasaini, wanakunywa chai.

Wosia wa Mombasa umekufa hapo hapo mezani, na “mali nyingine yote” imelimeza shamba. Mdogo wake, ambaye miaka yote hiyo amelima na kupalilia, atakuja kugundua siku ya kufungua mirathi kwamba wenye shamba ni vijana wawili waliokanyaga Voi mara mbili maishani. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Wakili wa Leeds hakuuliza, na mteja hakusema.

Kinga yake ni maneno machache. Wosia wa Uingereza useme wazi kwamba unahusu mali iliyoko huko peke yake, na kwamba unafuta tu wosia za awali zilizohusu mali hiyo. Wa Kenya useme vivyo hivyo kwa upande wake. Kisha kila wakili aonyeshwe karatasi ya mwenzake. Hili la mwisho ndilo watu hulikwepa, kwa uvivu au kwa usiri, na ndilo lenye thamani kuliko yote.

Lakini kwa nini asiandike mmoja tu? Anaweza. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika Julai 1981, inaukubali wosia uliosainiwa kwa kufuata sheria ya nchi ulikosainiwa. Tatizo ni foleni. Wosia halisi hubaki kwenye masjala ya Uingereza, kibali cha mirathi kitoke kule kwanza, ndipo kipelekwe Mahakama Kuu ya Kenya kigongwe muhuri. Shamba la Voi linasubiri nyumba ya Leeds imalize mambo yake. Ukiwa na wosia mbili, kila upande unaanza safari yake siku ile ile. Mimi ningelipa gharama ya wakili wa pili bila kusita.

Kuna jambo lingine ambalo Waswahili wa ughaibuni hulisema kila siku bila kujua uzito wake: “Nikistaafu narudi nyumbani.” Ardhi na majengo yaliyoko Kenya hufuata sheria ya Kenya, hata mwenyewe angefia wapi. Fedha, hisa na vitu vya kuhamishika hufuata sheria ya domisili yake, yaani nchi ambayo sheria inaihesabu kuwa kwao. Domisili haipimwi kwa miaka ya kukaa peke yake. Nia nayo inahesabiwa. Mtu aweza kukaa Leeds miaka 30 na bado domisili yake ikawa Kenya, kwa sababu anajenga Voi na hajaacha kusema atarudi. Mwenzake wa chumba cha pili, aliyekata tamaa ya kurudi, domisili yake huenda imeshahama. Ndiyo maana wakili makini huuliza swali linaloonekana la umbea: unataka kuzikwa wapi?

Uraia nao una neno. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia pacha, na mtoto wa Mkenya ni Mkenya hata akizaliwa Leeds. Mume Mwingereza si Mkenya, kwa hiyo akirithi shamba la umiliki wa kudumu atabaki na haki ya kupangisha isiyozidi miaka 99. Tanzania ni kali zaidi: mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine anapoteza wa Tanzania, na mgeni hamiliki ardhi kama raia. Mtanzania mwenye pasipoti mpya asikilize ushauri wa ardhi kabla ya kuandika jina la mtoto wake.

Kwa Waislamu mambo yanageuka. Kenya, mirathi ya Mwislamu hufuata sheria ya Kiislamu, na wasia wake hauzidi theluthi moja ya mali. Wengi hukaa kwa utulivu wakijua faraidhi, yaani mgao wa Kiislamu, itajigawa. Uingereza haijigawi. Mwislamu akifa Leeds bila wosia na domisili yake iko huko, mwenzi wake hupewa kwanza pauni 322,000 na nusu ya kinachobaki, watoto nusu nyingine. Wazazi hawapati kitu. Na mke wa nikaha isiyosajiliwa kiserikali hahesabiwi kuwa mke katika mgao huo. Kwa hiyo anayetaka faraidhi huko hana budi kuiandika, kwa wino.

Kuhusu mashahidi: Kenya inataka wawili, lakini si lazima wawe pamoja wakati mmoja. Uingereza inataka wote wawili wakiwepo anaposaini. Waweke pamoja mezani, umeziridhisha nchi zote mbili. Wasiwe warithi wala wenzi wa warithi. Na ndoa hufuta wosia katika nchi zote mbili, isipokuwa wosia uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo. Muuguzi wetu kama aliolewa 2010, wosia wa Mombasa ulikufa mapema kuliko tulivyodhani.

Kilichobaki ni karatasi ambazo wosia haukusudii kuzigusa. Akiba ya sacco humwendea aliyetajwa kwenye fomu ya mwanachama, na pensheni nayo ina fomu yake. Muuguzi wetu alijaza ya sacco mwaka 2003, kwa kalamu ya bluu, akisukumwa na foleni iliyokuwa nyuma yake. Faili lipo hadi leo. Kwenye nafasi ya mrithi kuna jina la mama, aliyezikwa Voi 2015.