Kongwe au Jipya: Kuchagua Gari la Spoti Ukiwa Mkuyuni

Aghalabu mtu asimamaye kando ya barabara kuu pale Mkuyuni, Mwanza, jioni magari yatokayo mjini yanapokwenda Butimba na Nyegezi, huisoma namba ya gari kabla ya kulitazama gari lenyewe. "Namba A" hutamkwa kwa huruma, "namba C" kwa uvumilivu, na "namba E" kwa taadhima. Ilhali herufi ile hueleza tu wakati gari lilipoandikishwa Tanzania, wala haisemi neno juu ya mwaka lilipotoka kiwandani, hata gari lililokwisha kutumika Japani miaka kumi na mitano huweza kupita hapo na namba E yake likashangiliwa kama bibi harusi. Kwa gari la kubebea watoto na magunia, hadaa hii ya macho haina madhara makubwa. Kwa gari la spoti, ambalo mtu hulinunua kwa moyo kabla ya kulinunua kwa fedha, madhara yapo, nayo hulipwa polepole kwa miaka mingi.

Tuseme kijana mmoja wa Mkuyuni, mfanyabiashara wa dagaa aliyejaliwa misimu miwili mizuri, ametamani gari la milango miwili, la chini, lenye sauti ya kugeuza vichwa, na mbele yake pana magari mawili yanayouzwa. La kwanza ni Datsun 240Z, kazi ya Nissan iliyoanza kuuzwa mwaka 1969: injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ukubwa wa sentimita za ujazo 2,393, nguvu za farasi zipatazo 150, na uzito wa tani moja na ushei. La pili ni Toyota 86, lililoanza kutoka mwaka 2012 kwa ushirika wa Toyota na Subaru, lenye injini ya lita mbili ambayo silinda zake nne zimelala ubavu, na farasi wapatao 200. Yote mawili husukumwa na magurudumu ya nyuma. La kwanza lina viti viwili tu. La pili lina vinne, lakini viwili vya nyuma vyafaa mfuko wa unga kuliko binadamu mwenye miguu.

Haifai kulihukumu hilo Datsun bila kutaja sifa yake katika nchi zetu, maana sifa hiyo ndiyo inayoyavuta macho ya wengi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yakawa mtihani mkali kuliko yote kwa magari ya dunia. Hapa kwetu tulikuwa na Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, aliyeshinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari ambalo hakuna mtu angaliliita la spoti. Kisha, mwaka 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda kwa Datsun 240Z. Na mwaka 1973 gari hilo hilo likampa ushindi Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye jamaa zake walikuwa wamepoteza maskani yao mwaka uliotangulia Idi Amin alipowafukuza Waasia. Mehta alimaliza akiwa amelingana kwa alama na Harry Källström, ambaye naye alikuwa katika Datsun nyingine, na ushindi ukaamuliwa kwa kuhesabu nani alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila ya kuadhibiwa. Baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, lakini kwa magari ya Datsun ya namna nyingine.

Hadithi hiyo ni tamu, nami naipenda. Ila mnunuzi asiichanganye na dhamana. Gari lililoshinda Safari lilikuwa limeimarishwa bodi na miguu tangu kiwandani, na njiani lilifuatwa na mafundi waliokuwa tayari kubadili shokapu, matairi, hata giaboksi, kwa muda ambao wewe na mimi tungeutumia kutafuta jeki. Ustahimilivu ule ulikuwa wa kundi zima la watu, si wa chuma peke yake. Datsun utakalouziwa leo halina kundi hilo. Lina miaka hamsini ya matuta, mafundi wa kubahatisha na wenyewe waliobadilika.

Hapa ndipo mahali tunapoishi panapoanza kuingia katika hesabu. Ziwa letu la Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kando yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja katika nane. Gari la kale hupata petroli yake kwa kabureta, na kabureta iliyorekebishwa pwani, ikifika Mwanza, huendelea kutoa mafuta kana kwamba hewa bado ni nzito: plagi huingia masizi, moshi hutoka mweusi, na dereva hulaumu injini isiyo na kosa. Datsun 240Z lina kabureta mbili, nazo hazitoshi kuwa nzima tu, bali sharti zivute sawasawa. Nimewahi kumtazama fundi mmoja mzee akiifanya kazi hiyo bila kifaa chochote cha dukani. Alichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja akaiweka sikioni na ya pili kwenye mdomo wa kabureta, injini ikinguruma taratibu. Akasikiliza, akahamia ya pili, akarudi, akagusa skrubu kwa bisibisi kiasi cha upana wa ukucha.

"Ng'wanawane, ya mbele inavuta kuliko ya nyuma," alimwambia kijana aliyekuwa akimshikia tochi.

"Umejuaje, babu?"

"Shika mpira usikilize mwenyewe."

Kijana akasikiliza, na kwa uso wake ilikuwa dhahiri kwamba hakusikia tofauti yoyote. Katika uso ule ndimo ilimo shida kubwa ya gari kongwe, shida ambayo matangazo ya kuuza hayaitaji kamwe. Gari hilo hutengenezwa kwa mkono, sikio na pua, na hilo ni jambo jema katika mji wenye mafundi hodari. Lakini mafundi waliojifunza kwa kabureta wanazeeka, na wanafunzi wao wamelelewa na magari ya kompyuta. Anayenunua Datsun leo humnunua na fundi wake, na ingefaa amwulize umri.

Toyota 86, kwa upande wake, hujirekebisha lenyewe. Lina sensa zinazopima hewa iingiayo na moshi utokao, nayo kompyuta hupunguza au huongeza petroli mara nyingi kabla dereva hajapepesa jicho, hata safari ya kutoka pwani hadi ziwani haidai kuguswa kwa skrubu yoyote. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, fundi huchomeka mashine yake, akasoma namba ya hitilafu, kazi ikaanza. Ubora huo ni wa kweli. Lakini namba ya hitilafu si hitilafu yenyewe: fundi mvivu hubadili sensa iliyotajwa, kumbe waya uliliwa na panya, na mwenye gari hulipa mara mbili. Fauka ya hayo, kuna magonjwa ambayo hayatibiki kando ya barabara. Mwaka 2018 iligunduliwa kwamba springi za valvu katika baadhi ya injini hizo za miaka ya mwanzo zaweza kukatika, ikawa lazima magari yarudishwe kwa wauzaji. Na kuzibadili springi hizo, kwa jinsi injini ile ilivyolala, hulazimu kuishusha injini nzima. Mwulize muuzaji kama kazi hiyo ilifanywa. Asipojua unasema nini, hilo nalo ni jibu.

Juu ya vipuri nitasema kwa ufupi. Vya Toyota na Subaru hupatikana, kama si mjini Mwanza basi Dar es Salaam, Gerezani au Ilala, vikaletwa kwa basi la usiku. Vya 240Z huagizwa ng'ambo, na kisichopatikana huchongwa kwa tona au huazimwa kutoka gari la jinsi nyingine.

Kutu inastahili maneno zaidi, maana ndiyo muuaji wa magari ya zamani, na Datsun za miaka ile zilikuwa na bati jepesi lililokingwa kwa uhafifu. Sisi wa kanda ya ziwa tuna neema ambayo watu wa Tanga na Unguja hawana: maji yetu ni baridi, hewa yake haina chumvi, na gari lililokulia hapa huweza kuwa na bodi nzima kuliko ndugu yake aliyelala miaka yote karibu na bahari. Kwa hiyo, kati ya Datsun mbili za bei moja, lililoishi bara lina haki ya kutazamwa kwanza. Neema hiyo, hata hivyo, twaiharibu wenyewe kwa kuyaingiza magari ziwani kuyaosha hadi maji yafike kwenye difu na chini ya milango, mahali ambapo tope hukaa na unyevu haukauki. Wala mwenye gari jipya asijidhanie yu salama: magari ya Japani yaliyotumika mikoa ya kaskazini, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, huja yameliwa chini ilhali rangi ya juu inametameta. Lala chali chini ya gari. Nguo itafuliwa.

Sasa kodi, ambayo wengi huikumbuka fedha zikiwa zimekwisha. Kwa gari liingialo nchini pana ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini. Kisha, kwa miaka kadhaa sasa, juu yake kumekuwako ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 kwa gari lililozidi miaka kumi. Viwango hubadilika katika bajeti ya kila Juni, basi uliza TRA kabla ya kuagiza. Kinachochekesha ni kwamba mbele ya sheria hiyo Datsun la 1971 na Toyota la 2012 ni rika moja: yote mawili yamekwisha kuvuka mpaka wa uzee. Kenya ni wakali zaidi, hawaruhusu kuingizwa gari lililopita miaka minane; Uganda mwaka 2018 waliweka mpaka wa miaka kumi na mitano. Kwa hiyo gari kongwe lililoko tayari nchini, lenye kadi safi, lina thamani ya pekee.

Je, thamani hiyo yaweza kuwa akiba? Datsun 240Z liliuzwa Marekani mwaka 1970 kwa dola zipatazo 3,500, na Januari 2020 moja lililotunzwa kwa asili yake yote lilinunuliwa mnadani huko kwa dola 310,000. Vijana hunionyesha habari hizo kwenye simu macho yakiwaka. Hasha, bei ile si ya hapa. Mnunuzi wa namna hiyo haji Mkuyuni, na gari lililotiwa injini ya Mark II halimhusu hata akija. Toyota nalo litashuka bei kila mwaka, lakini litakuwa na wa kulinunua.

Kuna jambo la uhai pia. Datsun halina mfuko wa hewa wala breki za kuzuia gurudumu lisikwame, na bati lake halikusanifiwa kulinda miguu ya dereva. Hapo gari jipya hushinda bila ubishi, isipokuwa kwa tahadhari moja: magari mengi ya Japani ya tangu mwaka 2000 na baadaye yalifungwa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ambayo baruti yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi hata ikaweza kurusha vipande vya chuma. Kampuni ilifilisika mwaka 2017, na joto na unyevu sisi hatuvikosi. Namba ya chasisi ikipelekwa kwa mtengenezaji, yeye husema kama gari hilo liliitwa kurekebishwa.

Hukumu yangu ni hii. Mwenye gari moja tu, litakalompeleka kazini Jumatatu, na Sengerema Jumamosi kupitia daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa Juni 2025, achukue jipya, tena lisilochezewa. Mwenye gari jingine la kazi, banda lenye paa, fundi mwenye sikio, na subira ya kungoja kifaa miezi miwili, achukue Datsun. Wala asiitazame injini kwanza, kwani injini hufanyiwa oveholi ikapona, ilhali bodi iliyoliwa na kutu haina dawa iliyo rahisi. Na kwa vyovyote, kabla ya kutoa hata shilingi, linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye gari na ile iliyoandikwa kwenye kadi. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, rudi nyumbani na fedha zako.