Mamba Aotaye Jua: Picha Njema Yataka Subira na Umbali

Kaskazini-magharibi mwa Uganda, katika Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls, Mto Nile hujipenyeza katika ufa wa mwamba wenye upana wa mita 7 hivi, ukaanguka kwa kishindo mita zaidi ya 40, kisha ukaenda zake taratibu kuelekea Ziwa Albert. Hapo chini ya maporomoko ndipo penye mamba wengi. Asubuhi hutoka majini wakalala juu ya mchanga wa ukingoni, wengine vinywa wazi, nazo mashua zitokazo Paraa hupita na wageni wenye kamera.

Wengi hudhani kuwa mamba aliyelala hivyo ni mvivu. Sivyo. Mwili wa mamba haujitengenezei joto la kutosha kama wa binadamu. Joto lake hulipata kwa jua, mchanga na maji. Asipoota jua hukosa nguvu, na hata chakula tumboni huchelewa kusagika. Jua likizidi hupanua kinywa ili kupoza kichwa, na likiwa kali mno huingia kivulini au majini. Basi kuota jua ni sehemu ya riziki yake.

NURU YA PEMBENI

Mpiga picha ajuaye kazi yake huwahi. Karibu na Ikweta jua hupanda upesi, na nuru laini haikai. Asubuhi na jioni miale hutoka ubavuni, ikaonyesha kila gamba na umbo lote la mnyama. Saa sita mchana nuru huanguka kutoka juu. Macho huzama katika kivuli, mchanga ukamulika mno, na mamba wengi wamekwisha rudi majini.

Mambo ya nuru na wanyama yalichunguzwa sana na Hugh Cott, mtaalamu wa wanyama wa Uingereza aliyekuwa pia mpiga picha. Katika kitabu chake cha mwaka 1940 alieleza kwa nini wanyama wengi wana mgongo mweusi na tumbo jeupe. Jua la juu hung'arisha mgongo na kutia tumbo kivuli. Rangi hizo hupunguza tofauti hiyo, mnyama akaonekana bapa na jicho likampita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Cott alitumia ujuzi huo kuwafundisha askari kujificha wasionekane na adui. Kazi ya mpiga picha ni kinyume chake: hutafuta nuru ya pembeni ili imfichue mnyama.

MADHARA YA KUKARIBIA MNO

Baada ya vita Cott aliwachunguza mamba wa Uganda, na mwaka 1969 alichapisha makala kuhusu watalii na mamba wa hapo Murchison. Mamba jike hufukia mayai mchangani, akayalinda kwa muda wa miezi 3 hivi. Mashua ilipomsogelea mno alikimbilia majini, na kenge wakapata nafasi ya kufukua mayai na kuyala. Hivyo mgeni asiye na bunduki wala mkuki, aliyekuja kwa kuwapenda wanyama, aliweza kuwapunguzia kizazi, katika miaka ambayo mamba walikuwa tayari wakiuawa kwa ajili ya ngozi zao.

Kwa sababu hiyo yafaa mpiga picha atumie lenzi ya kuvuta mbali, mashua iende polepole, na watu wasipige kelele wala kutupa mawe ili mnyama ajigeuze. Mamba akifumba kinywa ghafla, akiinua kichwa au akisimama kwa miguu yake, hiyo ni dalili kwamba mashua imekaribia mno. Nahodha na arudi nyuma.

Watu wa nyumbani nao, hasa watoto watekao maji mtoni, hawana budi kukumbuka kwamba mamba aonekanaye mchangani si wa kuogopwa kuliko yule aliye chini ya maji karibu na ukingo. Ukingo kuwa mtupu si alama ya usalama.

Picha iliyopigwa kwa adabu hujulikana kwa jambo moja: mashua ikiisha kupita, mamba angali palepale juani, na mayai yake yangali chini ya mchanga.