Kinamasi Kilichozidi Shamba

Kusini mwa mji wa Busia, Mto Sio unapoteremka kuelekea Ziwa Victoria, mafunjo yametanda pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda. Hicho ndicho kinamasi cha Sio-Siteko. Kaskazini, kuelekea Malaba, kuna mashamba ya mihogo, wimbi, mtama na mahindi. Wengi huamini kwamba shamba ndilo linalozalisha, kinamasi kimelala bure. Vipimo vya sayansi vinakataa.

Mmea hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, hutumia kiasi kwa kupumua, na salio hugeuka majani, mashina na mizizi. Salio hilo, uzito wake mkavu kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, ndio uzalishaji msingi halisi wa mfumo wa ikolojia. Katika makadirio ya dunia ya wanaikolojia Robert Whittaker na Gene Likens, miaka ya 1970, bahari kuu ilipata wastani wa gramu 125, mashamba 650, savana 900 na msitu wa mvua wa tropiki 2,200. Vinamasi vilikuwa juu kabisa pamoja na msitu huo. Mafunjo huweza kuupita mbali: utafiti wa Muthuri, Jones na Imbamba katika Ziwa Naivasha, uliochapishwa mwaka 1989, ulipata zaidi ya kilo 6.

Mafunjo na mahindi hutumia aina moja ya usanisinuru, iitwayo C4, inayostahimili jua kali. Lakini mahindi hukaa shambani miezi michache, kisha ardhi hubaki wazi, na kila gunia huondoka na rutuba. Mafunjo hayakosi maji, hukua mwaka mzima, na shina likizeeka, naitrojeni na fosforasi yake hurudishwa chini kulisha machipukizi.

Mafunjo hayajazi sufuria, na mkulima hana budi kulima. Hata hivyo hutoa mikeka na paa, huhifadhi kambare na kamongo, hufukia kaboni matopeni, na hunasa rutuba ambayo ikifika ziwani hunenepesha gugumaji. Yakikatwa mara kwa mara bila kupumzishwa, akiba ya chini huisha na kinamasi hudhoofika.

Basi kabla ya mfereji kuchimbwa kukausha kinamasi, hesabu ifanywe kamili: mavuno ya misimu michache upande mmoja, na upande wa pili samaki, maji safi na uzalishaji usiodai mbolea wala jembe.